Kemia na fizikia ni kazi moja: neno kwa wazazi wa viwandani na mashambani



Kila mwaka, watoto wa mwaka wa tatu wa sekondari wanapoukaribia mtihani wa taifa, swali moja huzunguka katika nyumba zetu, kuanzia Kamembe mpaka Bugarama, na kule juu kwenye mashamba ya chai ya Shagasha. Mtoto huyu anayependa sayansi achukue nini? Mwalimu mmoja asema kemia, kwa kuwa ndiyo njia ya uganga na ufamasia. Jirani asema fizikia, kwa kuwa umeme ndio wenye pesa. Mjomba aliyewahi kukaa Kigali asema aachane na yote mawili, asome biashara. Mzazi aliyeshinda kutwa akichuma chai au akibeba mifuko ya saruji hanyanyui mdomo. Aogopa kuonekana mjinga mbele ya mwanawe.

Sisi twaona ya kwamba mzazi huyo ajua mengi kuliko anavyodhani. Kazi anayoifanya kila zamu haijatenganisha kemia na fizikia hata siku moja. Wanaoyatenganisha masomo hayo ni wenye kupanga ratiba za shule, nao wana sababu zao. Tumeamua kulileta jambo hili katika kurasa zetu za Kiswahili kwa kuwa tumechoka kuona watu wa kusoma vipimo vya mitambo wakitoka mbali, na watu wa kufagia vumbi lake wakitoka hapa hapa.

MAWE YALIYOLETWA NA MAJI

Tuanze na mawe. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianzishwa mwaka 1982, kikaanza kutoa saruji mwaka 1984, kule upande wa Bugarama. Kiliwekwa huko kwa sababu mawe ya chokaa yako huko, Mashyuza. Nayo mawe hayo yalifikaje? Yaliletwa na maji ya moto.

Chini ya ardhi ya Bonde la Ufa maji hukutana na hewa ukaa. Huko chini mgandamizo ni mkubwa, basi hewa hiyo hukubali kukaa ndani ya maji, kama inavyokaa ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Maji yenye hewa ukaa ni makali kidogo, mfano wa maji yaliyotiwa tone la ndimu. Hula chokaa katika miamba yanamopita na kuichukua. Yakifika juu kwenye chemchemi mgandamizo hupungua, hewa ukaa hutoka na kwenda zake, na maji yakishapoteza ukali hayawezi tena kuibeba chokaa ile. Huitua pale pale. Tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka, ndipo ilipopatikana akiba ya mawe ambayo leo yapasuliwa na kusagwa.

Sasa tuulizane: hilo ni jambo la kemia ama la fizikia? Hewa kukaa majini au kutoka kwa sababu ya mgandamizo, mwanafunzi hulikuta kwenye daftari la fizikia. Chokaa kuyeyuka kisha kurudi kuwa jiwe, hulikuta kwenye daftari la kemia. Mashyuza hapakuwa na madaftari mawili.

Twende tanurini. Jiwe la chokaa likipata joto la kama nyuzi 900 za sentigredi huanza kuachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake. Katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 44 hutoka bombani zikiwa hewa, zikabaki kilo 56 tu. Mwenzetu anayeshangaa mbona mawe yanayoingia ni mengi na klinka inayotoka ni chache, hilo ndilo jibu lake, wala hakuna aliyeiba. Kisha joto hupandishwa mpaka kama nyuzi 1450, na chokaa ile hushikana na silika, alumini na chuma vilivyomo katika udongo, ikawa klinka. Hapo kazi haijaisha. Klinka ikipoa polepole, lile dini lake lenye nguvu huvunjika tena linaposhuka chini ya nyuzi 1250 hivi. Ndiyo sababu mafeni ya kupozea hupuliza kwa nguvu namna ile. Feni likizimika, saruji ya mwezi ujao imekwisha dhoofu.

Kadhalika kwenye kinu cha mwisho. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, kama sehemu 5 katika 100, ili saruji isigande upesi mikononi mwa fundi. Lakini kinu chenyewe hupata joto kwa msuguano wa vyuma. Joto likizidi, jasi hupoteza maji yake, na fundi wa Kamembe akichanganya saruji ile huiona ikikakamaa kabla hajaimwaga. Hulaumu mfuko. Msuguano ni fizikia, maji ya jasi ni kemia, na lawama humwangukia mtu wa zamu.

Kiwanda kipya kilichozinduliwa mwaka 2015, chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka, ni cha njia kavu. Katika njia ya maji, mawe na udongo husagwa pamoja na maji mpaka yawe kama uji, na uji huo huingizwa tanurini. Moto mwingi huishia kuchemsha maji tu. Katika njia kavu unga mkavu hupashwa joto kwanza kwa moshi wa tanuri lenyewe. Kupata hesabu ya namna hiyo kunataka mtu ajuaye joto na ajuaye mchanganyiko, yote mawili kichwani mwake.

MFARANSA ALIYEPIMA MOTO

Yupo mtu mmoja ambaye twapenda wafanyakazi wa Rusizi wamjue, maana maisha yake yaligusa saruji na gesi, vitu viwili tulivyo navyo hapa. Jina lake Henry Le Chatelier, alizaliwa Paris mwaka 1850. Alikuwa mhandisi wa migodi, na tangu mwaka 1877 alifundisha kemia katika Shule ya Migodi ya mji huo.

Siku zile migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikilipuka na kuua wachimbaji. Serikali ya Ufaransa ikaunda tume. Le Chatelier na mwenzake Ernest Mallard wakapewa kazi ya kuichunguza gesi ya migodini, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ile ile iliyomo katika Ziwa Kivu. Gesi hii ina tabia ambayo kila mfanyakazi angefaa aijue: ikiwa chini ya sehemu 5 katika 100 za hewa hailipuki, ikizidi sehemu 15 hailipuki, bali katikati hapo cheche moja yatosha. Wawili hao walipima kasi ya moto unavyokimbia ndani ya gesi na joto unalolifikia. Kwa kupima hivyo walikuwa wakifanya fizikia juu ya jambo la kemia, ili mchimbaji arudi nyumbani jioni.

Mwaka 1887 akatoa utafiti wake juu ya saruji. Alionyesha ni dini lipi ndani ya klinka hasa linaloipa saruji nguvu yake. Lakini kabla ya hapo alikwama mahali ambapo mwanakemia mtupu angekwama daima: hakukuwa na kipimajoto cha kuaminika kwa moto mkali kiasi kile. Basi akakitengeneza. Alichukua waya wa platini na waya mwingine wa platini iliyochanganywa na rodi, akaziunganisha ncha. Ncha hiyo ikipata joto, umeme kidogo hupita, na wingi wa umeme husema wingi wa joto. Baadaye, mwaka 1892, akatoa chombo kingine cha kukadiria joto kwa mwanga wa kitu kinachowaka. Mafundi wa zamani wa tanuri walitazama moto kwa kioo cha buluu na kuukisia kwa jicho. Leo vyombo vya uzao wa Le Chatelier vyafanya kazi hiyo katika viwanda vya dunia nzima, wala jicho la fundi mzuri halijapoteza thamani, sisi twashuhudia.

Wanafunzi humjua kwa kanuni yake ya mwaka 1884: tendo la kemia lililotulia, ukilisukuma kwa joto au kwa mgandamizo, hujisogeza upande wa kuupunguza msukumo huo. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa matanuri na migodi. Laiti ingefundishwa kwa mawe ya Mashyuza, wasingeisahau.

Mwaka huo huo wa 1887, kule Leipzig, Wilhelm Ostwald na Mholanzi Jacobus van 't Hoff walianzisha jarida la elimu iliyounganisha masomo haya mawili, yaani kemia ya kifizikia. Na kwa wale wanaowaambia mabinti kwamba fizikia si ya wanawake, twatosheka kuwakumbusha Marie Curie: Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903, na ya kemia mwaka 1911.

ZIWA LETU NA CHUPA YA SODA

Tumetaja gesi. Wavuvi wa Nkombo na Kamembe hupita kila usiku juu ya akiba kubwa ambayo macho hayaioni. Ziwa Kivu lina kina cha kama meta 485. Katika maji yake ya chini imeyeyuka methani ya kadiri ya kilometa za ujazo 60, na hewa ukaa kadiri ya 300, zikipimwa kama zingekuwa huku juu. Hazitoki kwa sababu ile ile ya chupa ya soda. Kila meta 10 za kwenda chini huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye meta 300, basi, kizibo kimekazwa mara 30.

Namna ya kuivuna ni nzuri kuieleza. Bomba refu huteremshwa mpaka kwenye maji yenye gesi. Pampu huyavuta maji kwa kuanzia tu. Yakipanda, mgandamizo hupungua, mapovu hutokea, maji huwa mepesi, na huendelea kupanda yenyewe. Juu, methani hutoka mapema kwa kuwa haipendi kukaa majini, na hewa ukaa hubaki nyuma kwa kuwa hukaa majini kwa urahisi zaidi. Ile inayotoroka pamoja na methani huoshwa kwa maji safi. Kisha maji yaliyotolewa gesi hurudishwa chini, kwa kina kilichohesabiwa, ili tabaka za ziwa zisivurugike. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia gesi hiyo tangu mwaka 1963. Mtambo wa KivuWatt huko Karongi, megawati 26, ulianza kazi mwaka 2016.

Upo na upande wa kutisha, nao haufai kufichwa. Kameruni kuna ziwa dogo liitwalo Nyos. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya chini yake ilifumuka mara moja, ikateremka mabondeni, ikaua watu kama 1,700 pamoja na mifugo yao. Miaka 2 nyuma yake, katika ziwa Monoun, walikufa watu 37. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi hutambaa chini kama maji, ikijaa mashimoni. Ndugu zetu wa upande wa Goma wanayo mazuku, yale mabonde madogo ambamo kondoo huanguka akafa, na mtoto anayemfuata naye asirudi. Mazuku ni hewa hiyo hiyo. Mfanyakazi anayeteremka katika shimo au tangi lisilopitisha hewa yuko katika hatari ya namna hiyo hiyo, hata kama hapana volkano maili mia karibu naye.

Kivu si Nyos. Maji yake ya chini ni mazito na yametulia kwa tabaka, na hupimwa. Tunaloshika hapa ni nani aliyelipatia Nyos dawa. Mwaka 2001 Wafaransa wakiongozwa na mwanafizikia Michel Halbwachs walisimamisha bomba katikati ya ziwa lile, maji yakaruka juu kama chemchemi kwa nguvu ya gesi yenyewe, na gesi ikaanza kutolewa kidogo kidogo. Mwanafizikia ndiye aliyeongoza, lakini bila vipimo vya wanakemia vya gesi iliyomo kila meta asingejua bomba lake liishie wapi.

CHAI, NYIRAMUGENGERI NA UMEME

Wenzetu wa chai wasidhani tumewasahau. Jani bichi lina maji kama sehemu 75 hadi 80 katika 100. Hunyaushwa kwa hewa inayopulizwa chini yake; hapo kuna kipimajoto kikavu na kingine chenye kitambaa kibichi, na tofauti ya viwili hivyo husema hewa ina kiu kiasi gani. Hiyo ni fizikia. Kisha jani hukatwa na kusokotwa, chembe zake hupasuka, kimeng'enya hukutana na oksijeni, rangi hugeuka kutoka kijani kuwa shaba. Hiyo ni kemia, nayo hukimbia au huchechemea kwa kufuata joto la chumba. Kikaushio huja kuisimamisha na kuacha maji kama sehemu 3 tu. Mtu wa kuchachusha akikosea kwa dakika chache, mzigo wa wachumaji wa asubuhi nzima hushuka bei mnadani. Kilo 4 au 5 za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo 1 ya chai kavu, na kila mchumaji aujua uzito huo mgongoni.

Huko Gishoma, hapa hapa wilayani, ulijengwa mtambo wa megawati 15 wa kuchoma nyiramugengeri, ule udongo wa bwawani unaowaka. Unyevu wake na majivu yake ndivyo huamua kama moto utashika. Na mabwawa ya umeme ya mto Rusizi, la kwanza tangu 1958 na la pili tangu 1989, watu huyadhani kuwa ni fizikia tupu. Lakini waulizeni mafundi wa transfoma. Mafuta yaliyomo ndani yake hupelekwa maabara, na gesi ndogo ndogo zilizoyeyuka ndani ya mafuta hayo humwambia fundi ni ugonjwa gani umeanza, kabla transfoma haijalipuka.

VUMBI

Hapa ndipo twasema kwa ukali kidogo. Elimu hii haiwahusu watoto peke yao.

Vumbi linaloonekana likiruka kwenye mwanga wa jua aghalabu hunaswa puani na kooni. Linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu ni lile dogo, la chini ya sehemu 5 za elfu ya milimeta, ambalo jicho halilioni na ambalo huelea hewani saa nyingi kabla ya kutua. Hiyo ni sheria ya fizikia juu ya vitu vidogo. Likiwa na silika, kama lilivyo vumbi la miamba na mchanga mwingi, hukwaruza mapafu mpaka yanakuwa makovu, na makovu hayo hayaponi. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakilizuii. Mfanyakazi aliyefundishwa jambo hilo hatakubali kupewa kitambaa akaambiwa amekingwa.

Saruji mbichi nayo, ikichanganyika na jasho, huwa kali kwa upande ulio kinyume cha ndimu, ukali wa kuunguza ngozi. Haiumi mara moja, ndiyo hatari yake. Mtu hupiga magoti katika zege asubuhi na jioni akakuta magoti yamechunika. Maji mengi, na upesi, ndiyo dawa ya kwanza.

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, wasema wafanyakazi wana haki ya kupewa habari za kemikali wanazozitumia kazini, na haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Ni haki nzuri. Lakini karatasi ya habari ikibandikwa ukutani kwa Kiingereza cha maabara, na hakuna hata mmoja katika zamu awezaye kuisoma, haki hiyo imebandikwa ukutani nayo.

SHULENI NA CHUONI

Basi mtoto afanye nini? Kwa miaka mingi, hapa Rwanda kama ilivyo Tanzania na Uganda, michepuo ya sekondari ya juu imejulikana kwa herufi: PCM ni fizikia, kemia na hisabati, PCB ni fizikia, kemia na biolojia. Katika mwaka wa masomo 2025/2026 serikali yetu ilianza kuikusanya michepuo katika njia pana, mojawapo ikiwa ya hisabati na sayansi. Jina lolote litakalotumika, ushauri wetu ni mmoja: mtoto anayeyaweza masomo hayo mawili asikubali kuacha mojawapo mapema. Kuacha ni kwa siku moja. Kurudi ni kwa miaka.

Tuseme kweli pia. Kinachowaangusha wengi si kemia wala fizikia, ni hisabati. Mtoto anayeikimbia hisabati atateseka, na ni afadhali mzazi alijue hilo mwaka wa kwanza kuliko wa sita. Wala hatukubaliani na wanaodai kila mtoto hodari lazima aende huko. Tunahitaji pia wauguzi, walimu wa lugha na mafundi seremala.

Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963. Kwa muda mrefu kijana wa Cyangugu aliyetaka sayansi alivuka msitu wa Nyungwe kwenda huko. Mwaka 1997 ikafunguliwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, na mwaka 2013 vyuo vya umma vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Kemia, fizikia na uhandisi vimo katika Chuo chake cha Sayansi na Teknolojia.

Wengi huuliza kama mtu aweza kuchukua shahada ya vyote viwili. Mara nyingi chuo hutaka mwanafunzi achague jina moja la shahada. Lakini jina ni jambo moja na masomo ni jingine. Mwanafunzi wa kemia hawezi kuikwepa kemia ya kifizikia, ambamo atakutana na joto, mgandamizo, umeme na kasi ya matendo. Wa fizikia akielekea upande wa vifaa, kama vile vyuma, vioo, saruji, betri na sahani za umeme wa jua, atajikuta tena mlangoni pa kemia. Uhandisi wa kemikali ni masomo hayo mawili yaliyofungwa kamba moja, na fedha zikahesabiwa juu yake. Ualimu nao usidharauliwe: mwalimu wa sayansi wa sekondari aghalabu huandaliwa kwa masomo mawili, na Chuo cha Elimu kilichoko Rukara, wilaya ya Kayonza, ndicho kinachoandaa wengi wao. Mwalimu mmoja awezaye kufundisha kemia na fizikia kama jambo moja, hapa Bugarama, angetufaa kuliko wahandisi kumi wa kupita.

Kwa kijana asiyepata nafasi ya chuo kikuu, au ambaye nyumba haiwezi kumngoja miaka mingi, ipo Rwanda Polytechnic, iliyoanzishwa mwaka 2017, ambayo moja ya vyuo vyake iko Karongi, kando ya ziwa letu hili. Fundi wa vipimo na fundi wa maabara hawakai bila kazi mahali penye tanuri, kikaushio cha chai na mtambo wa umeme. Nasi twaongeza kwamba mfanyakazi mwenyewe, mwenye miaka 10 kwenye tanuri, hajachelewa kusoma. Yeye anayo tayari nusu ya somo mikononi mwake. Akose nini ila kuandikiwa na kufafanuliwa?

Kuna ombi ambalo twataka matawi yetu yalipeleke mezani katika mazungumzo na waajiri mwaka huu, nalo halina gharama kubwa. Wakati wa likizo ndefu, watoto wa wafanyakazi wanaosoma sayansi sekondari waruhusiwe kuingia kiwandani kwa siku moja, wakiwa na kofia na viatu vinavyostahili, pamoja na mwalimu wao. Wasizungushwe kwenye ofisi na kupigwa picha. Wapelekwe kwanza chumba cha kuongozea tanuri, wanakili joto la kila saa la zamu ya usiku. Kisha wapelekwe maabara, wanakili kiasi cha chokaa huru iliyokutwa katika klinka ya saa hizo hizo, yaani ile chokaa iliyokosa kushikana, ambayo ikizidi hufanya ukuta utanuke na kupasuka baadaye. Waketi na karatasi hizo mbili, moja kando ya nyingine, wakiwa na baba au mama wa zamu ile, wamuulize ni saa ngapi moto ulilegea, na ulilegea kwa nini.